Ndege wa Kaskazi Wachache Mwaka Huu? Namna ya Kutafuta Chanzo

Kila Januari tukitoka kuhesabu ndege kwenye matope ya Mida, kule Watamu, pwani ya Kenya, hapakosi mtu wa kuuliza. Msimu mmoja alikuwa mzee mvuvi aliyeketi kivulini akipaa samaki. "Mwanangu, mbona vitwitwi wachache hivi? Mwaka juzi fungu lote lilikuwa jeupe." Nikamwambia, "Mzee wangu, hata sisi tumeuona uchache huo, ila hatujajua kama wamepungua au tumewakosa." Hakuridhika, na ilikuwa haki yake. Mwongozo huu ni jibu nililokuwa nikidaiwa.

Ndege hawa ni wageni. Kwao ni Siberia, Ulaya ya mashariki na Asia ya kati, ambako kipupwe kikiingia ardhi huganda na wadudu hupotea. Huku kwetu wakati huohuo ni kaskazi: jua kali, na matope yamejaa minyoo na kaa. Wako wa pwani, kama vitwitwi na sululu. Wako wa barani, kama mbayuwayu, keremkerem na korongo weupe. Idadi unayoiona hutegemea wangapi walizaliwa kule, wangapi walimaliza safari, wangapi wameona hapa kwako pana chakula kuliko kwingine, na pia wewe umesimama wapi na saa ngapi. Kosa ninalokutana nalo sana ni mtu kuona uchache mara moja tu, akatangaza kwamba ndege wanakwisha. Anza na sababu zilizo karibu nawe, ndipo uende za mbali.

Wiki jana walijaa, leo fungu tupu

Hapa wa kwanza kushukiwa ni maji. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika mwambao wetu hukaribia mita 4. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa mnamo saa nne. Juma moja baadaye, maji mafu, mambo hugeuka: saa nne ndipo maji yamejaa, ingawa hayapandi sana. Kwa hiyo anayekwenda kuhesabu kila Jumamosi saa nne asubuhi hupima vitu viwili tofauti kwa zamu.

Nililifanya kosa hili mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza nilihesabu Jumamosi mbili mfululizo saa ileile, mahali palepale, nikidhani huo ndio uaminifu wa kazi. Jumamosi ya kwanza ilikuwa maji mafu, ndege wamebanwa na maji wamesimama bega kwa bega karibu na mikoko. Ya pili ilikuwa bamvua, tope limefunuka mpaka mbali, nao wametawanyika wanakula. Nikawaambia wenzangu kwamba nusu ya ndege wameondoka. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Kitwitwi mwenye uzito wa gramu 60, akiwa nusu kilomita kutoka ulipo, hana tofauti na bonge la tope, na wapo wengi wanaoingia kwenye vijito vya mikoko usiwaone kabisa.

Dawa yake ni kuhesabu maji yakipanda, ukianza muda wa saa mbili hivi kabla hayajajaa, kwa sababu maji yenyewe yatakusogezea ndege. Kisha linganisha bamvua na bamvua, maji mafu na maji mafu. Daftari lisilo na hali ya maji pembeni ya kila hesabu halikusaidii mwakani. Na linganisha Januari na Januari: mwezi huo ndege wa maji huhesabiwa kote Afrika, katika sensa inayoratibiwa na shirika la Wetlands International, kwa kuwa wageni wameshatulia na hawajaanza kurudi.

Uliza pia kama wamefukuzwa. Mbwa mmoja, au wachimba chambo waliopita dakika kumi kabla yako, hutosha kulihamisha kundi zima upande wa pili wa hori. Akipita kozi, keti ungoje. Watarudi.

Tatizo hilihili huweza kuja kwa sura ya wingi, na hapo hudanganya zaidi kwa sababu hakuna anayelalamikia wingi. Ngulia, hoteli iliyo juu ya ukingo wa kilima ndani ya Tsavo Magharibi, ndege wanaosafiri usiku wamekuwa wakinaswa kwa nyavu laini na kuvishwa pete ya utambulisho mguuni tangu 1969. Ni ndege wadogo wa Ulaya na Asia wanaopita Novemba na Desemba kuelekea kusini, wengi wao wakiwa kucha wa mabwawani wa jenasi Acrocephalus. Usiku wa giza, mwezi haupo na ukungu umeteremka, ndege hupotea njia wakaifuata taa ya hoteli, na asubuhi kazi ya kuvisha pete haina mwisho. Usiku wa mbalamwezi na anga safi hupita juu kimya, asionekane hata mmoja. Mtu akikuambia msimu huu Ngulia walinaswa wengi kuliko msimu uliopita, muulize kwanza habari za ukungu na mwezi.

Wakubwa wapo, wachanga hawaonekani

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, maana hapa pwani yetu husoma habari za tundra, zile nyanda baridi zisizo na miti za kaskazini ya mbali, bila kwenda huko.

Chukua Calidris ferruginea. Wengi humwita kitwitwi tu. Hapa nitamwita mdomo-upinde, kwa kuwa mdomo wake mweusi umejipinda kidogo kuelekea chini. Hutaga kwenye tundra ya Siberia, hasa rasi ya Taimyr, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Watamu. Kiota chake kiko chini, kwenye nyasi na kuvumwani, na mayai kwa kawaida huwa manne. Kwenye tundra hiyohiyo kuna lemingi, panya mnene mwenye mkia mfupi, ambaye idadi yake hupanda sana kisha huanguka, na mzunguko huo huchukua kama miaka mitatu au minne. Mwaka wa lemingi wengi, mbweha wa aktiki na ndege wawindaji kama skua hushiba panya na kuzaa kwa wingi, viota vya vitwitwi vikabaki salama. Mwaka unaofuata lemingi wameanguka, lakini mbweha wale wote bado wapo na njaa yao. Hapo hugeukia mayai na makinda. Wazazi hawana la kufanya ila kurudi kusini mikono mitupu, na sisi huku tunapata kundi la wakubwa watupu.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi ukiwa na darubini ya miguu mitatu. Kati ya Oktoba na Desemba, tafuta kundi lililotulia, upite ndege mmoja mmoja mpaka wafike 100, uhesabu wachanga ni wangapi. Mchanga ana mgongo kama magamba ya samaki: kila unyoya umezungushiwa ukingo mwembamba wa rangi ya mchanga, umekaa sawasawa kana kwamba umechorwa kwa kalamu, na kifua kina wekundu hafifu wa embe dodo linaloanza kuiva. Mkubwa ni wa kijivu na manyoya yake yamechakaa kwa safari. Wengine bado wana viraka vyekundu vya mavazi ya kule, na mabawa yana mapengo kwa sababu wanabadili manyoya. Ukishamwona mchanga mmoja kwa karibu, jua likiwa mgongoni mwako, hutamsahau.

Mwaka wa neema utapata wachanga robo ya kundi, pengine zaidi. Mwaka wa mbweha wenye njaa utazungusha darubini mpaka shingo iume upate mmoja au wawili. Ila angalia tarehe. Wakubwa hutangulia, wengine huwa wamefika Agosti na Septemba, na wachanga hufuata baadaye peke yao bila wa kuwaongoza. Aliyehesabu mwanzoni mwa Septemba akasema hakuna wachanga, amekwenda mapema tu. Na ukichelewa mpaka Februari, magamba yale yanakuwa yamefutika na kuwatofautisha kunahitaji jicho la mzoefu.

Sasa, utajuaje kwamba kasoro iko Siberia na si hapa Mida? Tafuta shahidi asiyetoka Siberia. Hapa tunaye, na ni bahati kubwa: ndege mla-kaa, Dromas ardeola, yule mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu na mdomo mnene kama koleo. Huyu hazaliwi kwenye baridi. Hutaga kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na kaskazini mwa Somalia, akichimba shimo kama la kaa na kuweka yai moja tu ndani, ambako joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Hajui lemingi wala mbweha wa aktiki. Wapo pia vitwitwi wa mchanga wanaotoka jangwa na milima mirefu ya Asia ya kati. Mdomo-upinde wakiwa wachache na hali wala-kaa wapo kama kawaida, kasoro ni ya kule kaskazini ya mbali. Wakipungua wote kwa pamoja, Siberia haina hatia. Rudi kwenye hali ya maji. Ukikuta umehesabu sawasawa, tazama hori lenyewe limebadilika nini, kama mikoko imekatwa, au boti zimezidi pale wanapopumzika maji yakijaa.

Mwaka mmoja mbaya usikutie hofu. Vitwitwi huishi muda mrefu kuliko udogo wao unavyoonyesha, wengine zaidi ya miaka 10, na mwaka mzuri mmoja hufidia miwili mibaya. Ninachokiogopa ni kingine. Katika sehemu kadhaa za kaskazini theluji siku hizi huyeyuka katikati ya kipupwe kisha huganda tena ikawa barafu, lemingi wakakosa nafasi ya kuishi na kula chini yake, na ile miaka ya wingi ikafifia. Mzunguko ukikosa kilele, mbweha hawana mwaka wa kushiba panya, na vitwitwi hawana mwaka wa kupona.

Ziwa limejaa, ndege hakuna

Watu wa bara huniuliza hili kwa mshangao: maji yameongezeka, iweje ndege wa maji wapungue? Ndege hawa wana miguu mifupi. Wanataka tope laini na maji ya kufika vifundoni mwao. Ziwa Nakuru lilianza kupanda karibu 2010, likapanda tena baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, mpaka eneo lake likaongezeka kwa zaidi ya nusu. Maji yaliingia kwenye miti ya migunga ikafa imesimama, na ile pwani ya tope iliyokuwa sahani ya vitwitwi ikazama. Hata heroe, ambao si wageni wa kaskazini, walihamia Bogoria na kwingineko kwa kuwa magadi yalipungua makali na chakula chao kikapungua nayo.

Kipimo chake ni kuuliza majirani. Pata hesabu za Naivasha, Elmenteita, Bogoria na Magadi za juma hilohilo kabla hujasema lolote kuhusu Nakuru.

Ukame nao una mtego wake, na umenasa wengi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mabwawa madogo yakikauka, ndege wote wa eneo hukimbilia maji yaliyobaki, na mwenye kuhesabu ziwa moja huona ongezeko zuri. Lile si ongezeko, ni msongamano wa wakimbizi. Kinyume chake, mwaka wa mvua nyingi kila dimbwi la nyikani huwa na bata wake watatu wanne, na ziwa kubwa likaonekana limesusiwa. Bata wa Ulaya na Asia wakikuta maji tele kaskazini yetu, kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini na mabonde ya Ethiopia, hawana sababu ya kuja mpaka kwetu.

Nyika kimya: korongo, kozi na mbayuwayu

Ndege hawa hawana kwao huku. Hufuata mvua na wadudu, na leo wako Serengeti, kesho kutwa wako mpakani mwa Zambia. Korongo mweupe anayezaliwa Ulaya ya mashariki huingia Afrika kwa njia ya Sinai na bonde la Nile. Akikuta Sudan panzi wapo, hukaa. Wakikosekana, husogea kusini, na wengine hufika hadi Afrika Kusini. Kinachomleta kwetu kwa makundi makubwa ni viwavijeshi. Nondo wao husafirishwa na upepo, hutua mahali mvua ya kwanza ilipoangukia baada ya kiangazi, na baada ya majuma machache majani huwa yanatembea. Mkulima analia, korongo wanakula.

Kwa hiyo ukiona mwaka hauna korongo, nenda kwa bwana shamba. Tanzania ina mitego ya nondo hao wilayani, na taarifa zake zimekuwa zikikusanywa Tengeru, Arusha. Mahali palipotolewa tahadhari ya viwavi ndipo pa kuwatafuta. Mwaka wa nzige ni hivyohivyo: walipovamia Kenya kuanzia mwishoni mwa 2019, walileta neema kwa kila ndege alaye wadudu, ingawa dawa iliyopuliziwa iliwaondolea chakula hichohicho.

Kozi wa Amur ni wa kupita tu. Hutoka mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini mwa China, hupumzika Nagaland, India, kisha huivuka Bahari ya Hindi siku kadhaa usiku na mchana, kaskazi ikiwasukuma mgongoni, wakaingia kwetu Novemba na Desemba wakielekea kusini. Kinachowateremsha ni mvua ya ngurumo na kumbikumbi wanaoruka baada yake. Mvua ikinyesha wilaya ya pili, watapita juu yako na hutawaona, hata kama ni maelfu. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na lazima itajwe. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba huko Nagaland walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliacha, wakageuka walinzi wao. Kila nikiwaona juu ya Tsavo nawashukuru watu ambao sitakutana nao.

Kama wamechelewa tu, kwa mfano mbayuwayu ambao ungewaona Oktoba ukawaona katikati ya Novemba, subiri. Hali ya hewa njiani huwazuia, na kuchelewa si kupungua.

Wanapungua mwaka baada ya mwaka

Ukishaondoa maji, ukungu, ziwa, mvua na lemingi, na bado mstari wa hesabu zako unashuka, basi tatizo ni la kweli. Lakini mstari ni wa miaka, angalau 10, kutoka vituo kadhaa. Miaka mitatu haitoshi, kwa sababu mzunguko mmoja wa lemingi hula miaka hiyo yote.

Wapo ambao mstari wao umeshathibitika. Oktoba 2024 mdomo-upinde aliwekwa kwenye daraja la Vulnerable, yaani la walio katika hatari ya kutoweka, katika Orodha Nyekundu ya kimataifa, pamoja na kitwitwi mkubwa wa kijivu, Pluvialis squatarola, ambaye hapa pwani tulimzoea tukadhani hana shida. Njiani nako pana vifo: mwaka 2015 shirika la BirdLife lilikadiria kwamba ndege kati ya milioni 11 na 36 huuawa au kukamatwa kinyume cha sheria kila mwaka katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati. Na kuna kucha wa Basra, ambaye kwao ni vinamasi vya kusini mwa Iraki. Vinamasi vile vilikaushwa miaka ya 1990, vikaanza kurudishiwa maji 2003. Ndege huyo hupita Ngulia na kukaa kwenye vichaka vya maji vya pwani yetu, kwa hiyo amri iliyotolewa Baghdad ilifika mpaka Tana.

Mambo huenda pia upande wa pili. Mwaka 1969 Waingereza waliwangoja kucha wa aina moja, wenye koo jeupe, warudi kutoka Afrika, na kati ya kila wanne, watatu hivi hawakurudi. Kwao hapakuwa na kasoro. Mvua ilikuwa imekosekana Sahel, ule ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara, walikokuwa wamekwenda kukaa wakati wa baridi. Anayelinda matope ya Mida analinda pia sauti za Taimyr.

Kipimo cha Julai

Kimebaki kimoja ambacho wengi hukiruka, kwa sababu Julai hakuna anayefikiria wageni. Vitwitwi wengi wa mwaka wa kwanza hawarudi kaskazini msimu wao wa kwanza. Wenzao wakubwa wakiondoka Aprili na Mei, wao hubaki hapa na rangi yao ya kijivu, kusi ikivuma, wakingoja mwaka mwingine wakomae. Kwa hiyo ndege utakaowahesabu Mida mwezi wa Julai ni, kwa sehemu kubwa, waliozaliwa mwaka uliotangulia. Julai ya ndege wengi inathibitisha uzazi mzuri. Julai tupu inathibitisha ulichokishuku Novemba.

Mwaka ule wa swali la mzee nilirudi Julai, maji yakipanda. Wala-kaa walikuwapo, na sululu wachache. Mdomo-upinde nilimwona mmoja. Nikamfuata mzee pale kivulini nikamwambia, "Mzee wangu, wale wadogo hukuwakosa. Mwaka uliopita hawakuzaliwa."

Akauliza, "Na wale wakubwa weupe, wala kaa?"

"Hao wapo wote."

"Basi si hapa kwetu," akasema, akaendelea na samaki wake.